Kiti cha Miguu Minne Tofauti

Nduguze walimwita Fagio, na wala hawakumsingizia. Kitu kikikaa kwake wiki nzima bila kazi, kwisha habari yake. Kwa hiyo mama yake alipokuwa anahamia kwake na mizigo ikatangulia kuletwa, mama mwenyewe akiwa bado hospitali baada ya kuteleza bafuni, Fagio aliichambua kama kawaida: hiki kibaki, kile kitoke. Kiti cha mbao kilichopasuka mkono na kuoza mguu akakibeba mwenyewe mpaka jalalani. Tena akirudi anapiga mluzi!

Mama alifika wiki mbili baadaye. Akazunguka chumba chake kipya, akachungulia nyuma ya mlango.

"Kiti changu kiko wapi?"

"Kile kibovu, mama? Nitakununulia kizuri zaidi."

Mama hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa juu ya begi lake pale mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Baba yenu alikichonga mwenyewe. Nyote watano nimewanyonyeshea pale. Mpigie kaka yako anirudishe kwangu."

Kwake maana yake ni peke yake, na bafu lile lile. Safari ile jirani alimsikia akilia. Je, safari nyingine?

"Nipe siku mbili, mama. Nakuomba."

"Mbili. Na begi langu lisiguswe."

Mzoa taka wa jalalani alicheka alipoulizwa. Kitu chochote chenye mbao, alisema, kinaishia kwa Mama Misumari.

Mama Misumari alikuwa fundi mnene, misumari imemjaa mdomoni, na alizungumza hivyo hivyo bila kumeza hata mmoja. Karakana yake ilimwacha Fagio ameduwaa. Ngoma ya mashine ya kufulia imekuwa jiko la mkaa. Friji limelazwa chali, limekuwa sanduku la nafaka. Milango ya kabati imepakwa rangi nyeusi, inasubiri kwenda shule kuwa ubao. Nusu ya vitu vile, Fagio angevitupa bila kugeuka nyuma.

"Kiti cha mbao nyekundu?" alisema fundi. "Nimeshakivunja, dada."

"Chote?" Fagio aliuliza.

"Miguu mitatu iko kwenye meza ya fundi cherehani. Wa nne ulioza, nikaukokea moto. Mikono nimemtengenezea mzee mmoja kifaa cha kutembelea. Sasa nikamnyang'anye?"

"Hapana," Fagio alisema, machozi yakimlenga.

"Ngoja kwanza, usinililie hapa."

Fundi alipanda kigoda, akafikia rafu ya juu. Pale kulikuwa na vipande tu, kila kimoja na maandishi ya chaki: kilikookotwa, na tarehe. Kila kitu alichokivunja, alibakiza sehemu iliyolika zaidi kwa mwili wa mtu, akaitunza miezi mitatu. "Watu hujuta," alisema. "Wengine huchelewa kujuta."

Akashusha ubao wa kukalia. Katikati ulikuwa umebonyea kwa miaka ya kukaliwa. Fagio aliufuta vumbi kwa gauni lake, yeye asiyevumilia doa!

Siku mbili alishinda pale akishika, akishikilia, akisugua kwa msasa. Jamani, yule mwanamke alijua kazi! Aliutazama mguu kwa jicho moja, akapiga randa mara mbili, ukakaa sawasawa bila kupimwa. Mguu wa kitanda cha mtoto, wa dawati, wa meza ya jikoni, wa kitanda cha wageni. Kila mmoja na rangi yake, na maandishi yake ya chaki.

"Tuipake rangi moja," Fagio alinong'ona, "mama asijue."

Kwa mara ya kwanza fundi alitema misumari yote kiganjani. "Kitu changu hakimdanganyi mtu."

Jioni ya pili Fagio alikiweka kiti mbele ya mama, pale pale penye begi, akamweleza yote bila kuficha: jalala, mluzi, miguu. Mama alipapasa ubao kwa kiganja, taratibu, mpaka kwenye kile kibonyeo. Akakaa. Akafumba macho muda mrefu. Kisha akainama kuangalia chini.

"Huu mguu wa nani?"

Fagio alipiga magoti, akainamisha kichwa mpaka sakafuni kusoma chaki. "Wa dawati, mama. Shule ilibomolewa."

"Na huu?"

"Wa kitanda cha mtoto. Amekua."

Mama alijitingisha kushoto, akajitingisha kulia. Kiti hakikuyumba hata kidogo.

"Haya," alisema. "Ikiwa chenyewe kimekubali kusimama kwa miguu ya watu, mimi nani nikatae? Ingiza begi langu ndani, mwanangu. Na usilifagie."