Mkwe na Ufagio Wake

"Sema vizuri," Mama Mashine alimwambia mkwewe. "Mbona siku hizi mnakula miisho ya maneno? Njaa?"

Mkwe alikuwa amesimama kando ya mashine ya kusaga, ufagio mkononi. Akajibu. Jibu lilianza vizuri, kisha likanyauka: "Mama, nimesema mahindi yanakari..." Midomo yake ilimaliza kazi, lakini sauti haikufika.

Zamani watu wa nyumba hii walimaliza maneno yao. Alianza mwanawe, mezani, akimgeukia mkewe na kumung'unya. Mkwe naye akaambukizwa. Wateja wakafuata, ila hao Mama Mashine aliwasamehe, maana mteja ana haraka zake. Wa ndani ndio aliowatilia shaka. Mtu anayemeza mwisho wa neno ana la kuficha, na yeye alikwisha kulijua: walitaka mashine. Mashine aliyoiendesha tangu afiwe na mumewe, iliyomsomesha huyo huyo mwana!

Na huo ufagio! Sakafu ilifagiliwa asubuhi ikatakata, lakini mashine ikiwashwa tu, mkwe huyo hapo, anafagia pasipo na takataka, macho kwenye mdomo wa mashine. Mahindi yakikaribia kuisha, anamgusa mkono: "Samahani Mama, nipite." Kila siku. Anajifunza kazi kwa wizi, Mama Mashine aliwaza, na roho ikamuuma kweli kweli.

Leo uvumilivu ukamwishia.

"Nenda jikoni. Usirudi hapa mpaka nikuite."

"Lakini Mama, mashi..."

"Jikoni!"

Mkwe akauegemeza ufagio ukutani, akaondoka huku akigeuka nyuma.

Mama Mashine akamimina mahindi ya jirani mmoja mpenda soga, akawasha, akaupa mgongo mtambo na kuanza kumsimulia visa vya wakwe wa siku hizi. Hakuwa na haja ya kutazama. Mahindi yakiisha, mawe ya kusagia hutoa mlio mwembamba, mkali, na mlio huo aliujua kuliko kilio cha mwanawe. Angeusikia hata usingizini.

Alikuwa katikati ya kisa pale jirani alipoziba masikio kwa viganja viwili, uso umemkunjamana. Mama Mashine akamshangaa. Kisha akanusa kitu kinaungua.

Mkwe aliingia mbio, povu la sabuni likimchuruzika viwikoni, akazima swichi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye mawe. Mdomo wa mashine ulikuwa mtupu.

Mama Mashine alitazama viganja vya jirani, bado viko masikioni. Akautazama ufagio ukutani. Samahani Mama, nipite. Kila siku, na kila mara pale pale mahindi yanapokaribia kuisha.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mkwe alijibu polepole, machozi yakimlengalenga. Mwanzo wa jibu ulikuja. Mwisho haukuja, na safari hii Mama Mashine hakumwambia arudie. Aibu ilimpanda mpaka shingoni, na nyuma yake hofu.

Mawe yalipopoa, jirani akasogeza debe lake jingine. Mama Mashine akaenda ukutani, akauchukua ufagio, akamkabidhi mkwewe kwa mikono miwili. Akawasha mashine na kuweka kiganja ubavuni mwa mtambo, akiusikiliza mtetemo.

Mkwe akainama, akaanza kufagia sakafu safi.