Salamu za Ezekia

Marcelino alingoja mpaka wakawa nje, karibu na bomba la maji, ndipo aliposema. Alikuwa anasugua tope kwenye viatu vyake vya kazi, na hakuinua uso.

"Yusta anarudi Jumamosi," alisema. "Yeye na mtoto."

Anord alikuwa amesimama akiegemea ukuta, mguu mmoja ukipigapiga chini. Hakuwa mtu wa kutulia. Tangu afikie kwa Marcelino pale Soweto ya Mbeya, wiki sita zilizopita, hakuna aliyemwona amekaa kitini zaidi ya muda wa kumaliza kikombe cha chai. Asubuhi alitoka, akaenda Mwanjelwa, akazunguka kati ya mafungu ya mitumba bila kununua wala kuuliza bei, akapanda mpaka Sokomatola, akarudi. Wapangaji wenzake Marcelino walishamzoea. Walimwita Msauzi, nyuma yake na wakati mwingine mbele yake.

"Chumba ni kimoja, ndugu yangu," Marcelino aliendelea. "Si kwamba nakufukuza."

"Najua. Usijieleze."

"Ila mimi sikuelewi. Ningekuwa na kwetu Kilolo, saa hizi ningekuwa nimeshafika. Asubuhi unapanda basi, jioni unakula ugali wa nyumbani. Una shida gani na kwenu?"

"Nitaenda."

"Umesema hivyo tangu ulipofika."

Marcelino alikuwa amesoma naye sekondari Iringa, na hakuwa mtu wa kuchokonoa mambo ya watu. Alimwaga maji machafu, akaingia ndani. Anord alibaki pale akitazama povu likipotea kwenye mfereji, kisha akaondoka kwa haraka, kama mtu anayechelewa mahali.

Ukweli ni kwamba nyumbani alishapapita. Siku ile ndege ilipowashusha Dar es Salaam, yeye na wenzake waliorudishwa kutoka Afrika Kusini kwa kukosa vibali, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki, alipanda basi la kwenda Mbeya. Basi liliposimama Ipogolo, pale inapoanzia barabara ya Kilolo, alivuta kofia mpaka kwenye nyusi na kugeukia dirisha la upande wa pili. Abiria wa Iringa walishuka na mizigo yao. Anord alihesabu pumzi zake mpaka gari likaondoka.

Hakuwa anamkimbia mtu mkali. Alikuwa anamkimbia mama yake mkubwa, Veneranda, mwanamke aliyemlea. Mama yake mzazi alikufa Anord akiwa na miaka sita, na Veneranda, dada wa marehemu, alimchukua akamlaza kitanda kimoja na mwanawe wa pekee, Ezekia. Walipishana mwaka mmoja. Walivaliana nguo, wakachapwa pamoja, wakapokea kipaimara siku moja. Walipofika umri wa miaka ishirini na ushee waliondoka pamoja, wakavuka Tunduma, wakashuka nchi baada ya nchi mpaka Durban. Siku ya kuondoka, Veneranda aliwashika mikono wote wawili lakini maneno alimwambia Anord: "Wewe ndiye mkubwa."

Mwaka wa nne Ezekia aliugua kifua. Kilianza kikohozi, Ijumaa kikawa homa ya kuweweseka. Hawakuwa na karatasi, na waliogopa kuulizwa. Anord alijua nesi mmoja Mkongo ambaye angewasaidia bila maswali, lakini alikuwa likizo mpaka Jumatatu. "Vumilia mpaka Jumatatu," alimwambia Ezekia, na Ezekia, aliyezoea kumsikiliza tangu utoto, akavumilia. Alikufa Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani.

Watanzania wa huko walichanga, wakamzika huko huko. Anord alishika simu kupiga nyumbani, akaikata kabla haijaita. Akaishika tena, akaikata. Kesho yake ukaingia ujumbe kwenye simu ya Ezekia. Veneranda alikuwa anauliza kama baridi ya huko imepungua. Anord aliutazama muda mrefu, kisha akajibu: *Imepungua mama. Spika ya simu yangu imeharibika, siwezi kupiga, tutaandikiana tu.*

Alikusudia iwe siku moja, apate nguvu ya kusema. Ikawa miaka miwili. Aliandika kwa jina la Ezekia, na mara mojamoja akapiga kwa jina lake mwenyewe kusema wote wazima. Kazi ya kinyozi ilimshinda, kwa sababu hakuweza kusimama nyuma ya kiti kimoja kutwa nzima. Alihama vyumba, akagombana na watu waliompenda. Mwishowe akakamatwa, akazuiliwa miezi minane, na simu zote mbili zikapotelea huko. Tangu hapo Veneranda hakupata neno, si la mwanawe wala la mpwa wake.

Jumamosi ilipofika, Anord aliondoka kabla Yusta hajaingia. Marcelino alimpa sweta. Wakapeana mikono kama watu wanaoagana kwa muda mfupi.

Msimu wa mavuno ulikuwa umefika Usangu, na Anord alisikia kwamba Ubaruku mashine za mpunga zinatafuta watu. Akaenda. Siku mbili alizunguka kutoka mashine hadi mashine, akibeba gunia hapa na pale, akilala palipomkuta usiku. Siku ya tatu alimpata mzee Maganga, mfugaji aliyehamia Usangu na ng'ombe wa baba yake kutoka Shinyanga akiwa kijana, ambaye sasa ana mashamba na mashine yake ya kukoboa. Maganga alihitaji mtu wa kugeuza mpunga juani na kuulinda. Kulikuwa na kibanda nyuma ya mashine, na kitanda ndani yake.

Anord alikitazama kitanda kile. Kilikuwa cha kamba, bila godoro. Alijikuta ameweka mkono juu yake.

"Kazi unaiweza, nimekuona," alisema Maganga. "Kitu kimoja tu. Mimi sichukui mtu kama nimemwokota barabarani. Nipe namba ya mtu wa kwenu, nimsalimie, anijulishe wewe ni wa nani."

Angeweza kusema hana. Angeweza kumtaja Marcelino. Lakini namba pekee aliyoijua kichwani, aliyoiandika kwa kidole gumba mamia ya mara, ilikuwa moja, na mdomo ulimtangulia. Maganga aliibonyeza tarakimu kwa tarakimu, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu, unaongea na Maganga, niko Ubaruku, Mbarali. Hapa nina kijana anaitwa Anord Kalinga, anasema ni wa kwenu."

Mashine ilikuwa imezimwa, na kuku walisikika wakichakura pumba.

"Ubaruku?" ilisema sauti ya Veneranda. "Ubaruku hii ya hapa?"

"Ndiyo mama. Anatafuta kazi."

"Yuko peke yake?"

Maganga alimtazama Anord. Anord alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Yuko peke yake, mama."

Maganga aliitazama simu kuona kama imekatika. Kisha Veneranda akasema, taratibu sana, "Mwambie aje nyumbani," akakata.

Maganga alirudisha simu mfukoni. Alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Kijana, kibanda sikupi," alisema. "Mama akiniambia mwanawe aende nyumbani, mimi nikamweka hapa anigeuzie mpunga, nitalalaje? Kuna gari langu linatoka sasa hivi na mchele. Litakufikisha Ipogolo."

Njia nzima Anord alikuwa akifungua na kufunga kioo cha mlango, mpaka dereva akamwomba aache. Makambako walisimama kula, na yeye akaenda hatua mia mbili kurudi walikotoka kabla ya kugeuka. Alijiambia bado anaweza kushuka Mafinga, kuna kazi za mbao huko. Mafinga ikapita. Ipogolo alishuka, akasimama mahali pale pale ambapo siku ile basi lilimpitisha bila kushuka, akajua kwamba akisimama dakika nyingine hatapanda tena kitu chochote. Akasimamisha pikipiki ya kwanza.

Kilolo ilikuwa ndani ya ukungu, ingawa ilikuwa alasiri. Veneranda alikuwa barazani, ungo wa maharage mapajani, akichambua. Alikuwa amekonda, na jicho lake la kushoto lilikuwa na wingu jeupe ambalo Anord alilikumbuka likiwa kama punje, sasa limekuwa kubwa.

"Kamwene, mama," alisema.

"Kamwene. Kaa."

Hakukaa. Alisimama uani na mfuko wake mkononi.

"Ezekia yuko wapi?"

Alikuwa ameyapanga maneno njiani, lakini yote yalipotea. "Alikufa, mama. Kifua. Ni miaka mitatu sasa."

Mikono ya Veneranda iliendelea kuchambua. Jiwe moja, maharage mawili yaliyooza. Kisha ikasimama.

"Alikufa siku gani?"

"Jumapili. Nilimwambia avumilie mpaka Jumatatu. Tungeweza kwenda Ijumaa. Ni mimi niliyemwambia."

"Na zile salamu?"

"Nilikuwa naandika mimi."

Veneranda aliweka ungo chini, akaingia ndani. Anord alidhani amekwenda kulia, au kuchukua kitu cha kumpigia, na chochote kati ya hivyo angekipokea. Alirudi na simu yake ya kitochi, akamnyooshea.

"Jicho langu halisomi vizuri siku hizi. Nisomee. Zote, tangu ya kwanza. Nataka kuzisikia kwa sauti ya mwenyewe."

Alizisoma. Alisoma ile ya spika, na ile ya Krismasi iliyosema wamekula wali na nyama, na ile ya kumtania kuhusu mbuzi wa jirani. Alisoma moja iliyosema *Anord ananitunza vizuri mama usiwe na wasiwasi*, na hapo sauti ikakatika. Veneranda alingoja. Alipoona haendelei, akasema, "Endelea," naye akaendelea mpaka ya mwisho.

"Mwanangu hakuwahi kuniandikia bila kuulizia jicho langu," alisema Veneranda. "Wewe hukuuliza hata mara moja. Nilijua siyo yeye. Nikasema labda amefungwa. Labda amenikasirikia, amekuachia wewe unijibu. Kila siku nilipata sababu nyingine, na bado nilikujibu, kwa sababu angalau kulikuwa na mtu upande wa pili." Alichukua simu yake. "Uliniibia matanga ya mwanangu, Anord. Miaka mitatu nacheka na watu huku mwanangu yuko chini ya udongo."

Hakupandisha sauti. Kisha akajitanda khanga kichwani, akashuka mwenyewe kwenda kwa mzee wa kanisa, akimwacha pale uani.

Jioni ile ile watu walianza kujaa. Vyumba vilijaa wageni wa msiba, hata kile walichokulia yeye na Ezekia. Veneranda alimwonyesha jiko la nje kwa kidole. "Utalala huko," alisema, na siku tatu zilizofuata hakumwambia neno jingine. Anord alipasua kuni. Alipasua nyingi kuliko zilizohitajika. Akichoka kuni alichota maji, na maji yakijaa alirudi kwenye kuni. Watu walimpita wakishusha sauti. Mchungaji alipolitaja jina la Ezekia katika maombi mbele ya umati, Anord alikuwa nyuma kabisa, karibu na migomba, na miguu yake ilitaka kuondoka. Alishika mgomba mmoja mpaka ibada ikaisha.

Siku ya nne, wageni walipoondoka, ukoo ulikaa kikao. Mjomba Yohane, mdogo wake Veneranda, ndiye aliyeanza.

"Mimi sitazunguka," alisema. "Huyu si mtoto wa kukaa naye. Alimficha mwenzake kaburini akamchezea mama wa watu. Aende alikokuwa."

"Hana alikokuwa," alisema mtu.

"Hilo ni lake."

Anord alisimama mlangoni. Alikuwa ameshafunga mfuko wake na kuuacha jikoni, kwa kuwa alilitarajia neno lile na aliliona ni la haki.

Veneranda alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, jicho zima likimtazama Anord. "Kaburi unalijua?"

"Nalijua, mama. Nilichimba na mimi. Nina namba yake na mstari wake."

"Mtu mwingine anayelijua?"

"Waliobaki wametawanyika. Sijui walipo."

"Basi utanipeleka."

"Siwezi kurudi kule, mama. Waliponirudisha walinipiga marufuku miaka mitano."

Veneranda alifikiri. Mjomba Yohane alifungua mdomo, lakini dada yake aliinua mkono.

"Basi atakaa hapa miaka mitano," alisema. "Atalima, atanipeleka kutazamwa hili jicho, ili siku hiyo nikifika nilione kaburi. Sijasema nimemsamehe. Mtu asije akasema Veneranda amesamehe, sijasamehe. Lakini hakuna wa kumwondoa mahali hapa."

Mjomba Yohane alichukua fimbo yake, akatoka bila kuaga, na wengine wakafuata mmoja mmoja.

Anord alirudi jikoni. Aliufungua mfuko, akatoa sweta, akaufunga tena, akaufungua. Miaka mitano aliiona ndefu kuliko barabara yote aliyoipita, na hakujua kama ataweza hata wiki moja kumtazama mwanamke yule akipita na jicho lile.

"Anord," Veneranda aliita kutoka nje. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu matanga. "Maharage ya bondeni yamekauka, yatapasukia shambani. Jembe la kwako lipo nyuma ya mlango. Chukua na magunia."

Alichukua jembe na magunia, akamfuata bondeni.