Nishani ya Mhesabu Makopo

Mume wangu, Orrin Tveit, alipigana vita vya Vietnam akiwa ghalani, akihesabu makopo ya maharage. Maneno hayo si yangu, ni ya mama yake, Solveig, ambaye ana miaka tisini na saba, moyo mbovu na ulimi mzima kabisa. Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota mtu anaweza kuunguliwa na nyumba akawaambia majirani kwamba leo kuna joto kidogo. Mama mkwe wangu ndiye pekee aliyejaliwa kusema kila linalomjia.

"Lyle wangu alikuwa askari," huwaambia watu kanisani, kikombe cha kahawa mkononi. "Huyu mwingine alikuwa karani wa maharage."

Lyle ndiye aliyekuwa kaka mkubwa. Aliuawa huko huko Vietnam, mwaka mmoja kabla Orrin hajaenda. Orrin hakulazimishwa na mtu. Sheria ilimruhusu abaki nyumbani kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume aliyesalia. Akajiandikisha mwenyewe, mjuaji, halafu akaandika barua nyumbani kwamba amepangiwa ghala, mbali na risasi. Mama yake akaamini. Ndiyo shida ya kumdanganya mama vizuri.

Sasa, mimi ndiye ninayelala na kovu. Liko ubavuni, limekunjamana vibaya, na mama yake aliambiwa ni seng'enge ya malisho. Mimi niliambiwa ni kipande cha kombora. Niliambiwa pia kwamba nishani ya Moyo wa Zambarau, ile wanayopewa waliojeruhiwa na adui, ilikuwa haki yake, ila karani mmoja mzembe wa jeshi alisahau kuandika jina lake. Basi maisha yangu yote ya ndoa nimeishi na huyo karani. Mvua ikigoma, analaumiwa karani. Trekta likizima, limeundwa na watu kama yule karani. Nilimchukia mtu ambaye sijapata kumwona, kwa ajili ya upendo tu.

Mwaka juzi, siku ya kuzaliwa ya Solveig, mchungaji mpya, maskini hajui hili wala lile, alimuuliza Orrin kama naye alilitumikia jeshi.

"Alitumikia makopo," Solveig akamjibia.

Watu wakacheka kwa adabu. Orrin akajikatia kipande cha pili cha keki. Tulipofika nyumbani, akivua viatu, akasema bila kunitazama, "Marlys, nataka ajue kabla hajafa."

Kwa mwanaume wa huku, hiyo ni hotuba ndefu. Kesho yake nikakaa kuandika maombi.

Bodi ya jeshi inayorekebisha kumbukumbu ilituheshimu mno. Ilimheshimu Orrin kiasi kwamba ilichukua kipupwe chote na kiangazi chote kutafuta namna nzuri ya kusema hapana. Walishukuru kwa utumishi wake, wakashukuru tena, kisha wakasema hakuna ushahidi kwamba jeraha hilo lilitibiwa na mhudumu wa jeshi. Kama yupo shahidi, aandike.

"Nani alikutibu?" nikamuuliza.

"Fontenot. Alcide Fontenot. Mganga wa kikosi."

"Yuko wapi?"

"Alishakufa."

"Alikufa lini?"

"Zamani," akasema, akatoka nje kuangalia mafuta ya trekta ambalo tulishaliuza.

Huku nyuma mama mkwe akalazwa hospitali, moyo. Daktari akatuambia tusipange mambo ya mbali. Solveig akamwambia daktari kwamba viatu vyake ni vibaya. Lakini nilimwona Orrin amesimama kwenye korido ameshika kofia kwa mikono miwili, na nikaogopa kwamba mwanamke huyu ataondoka na makopo yake, na mume wangu atabaki karani wa maharage mpaka naye azikwe.

Nikapiga simu kwa chama cha wazee wa kikosi chake, nikaomba jina la mjane wa Fontenot. Wakanipa namba ya Louisiana. Marehemu akapokea mwenyewe.

"Nimekufa?" akasema. "Basi subiri nimwambie mke wangu, maana amenituma nikapalilie bamia."

Nikamweleza shida yangu, karani na uzembe wake wote.

"Karani gani, mama? Hakukuwa na karani. Nilimtoa chuma mimi mwenyewe, kwenye matope, kikubwa kama kidole gumba. Nikatoa kalamu niandike jina lake. Akanishika mkono. Mtu anavuja damu kama nguruwe wa Krismasi, amenishika mkono hataki kuachia. Akasema, ukiandika, watamtumia mama telegramu. Ameshapokea moja."

"Na kweli wangemtumia?"

"Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kuweka alama, nyumbani wasiambiwe. Nikamwonyesha. Akasema jeshi halijapata kusoma alama hata siku moja. Na hapo ningembishiaje? Nikamshona, nikaweka kalamu mfukoni."

Nilikata simu nikakaa jikoni na hasira zangu. Miaka yote hiyo. Hata paka wangu aliwahi kufundishwa kumchukia yule karani.

Orrin alipoingia nikamwambia, "Karani mzembe anakusalimia."

Akavua kofia. "Umempata Fontenot."

"Anapalilia bamia. Kwa maiti, ana afya kuliko wewe."

Akavuta kiti. "Alikuwa anakanda unga," akasema, na nikajua anamsema mama yake. "Telegramu ya Lyle ilipokuja. Akaisoma, akaiweka juu ya friji, akaendelea kukanda. Hakusema neno mpaka theluji ikayeyuka. Mimi nilikuwepo, Marlys. Nilikuwa natia kuni."

"Na sasa Fontenot yuko tayari kuandika. Si ulitaka ajue?"

"Nilitaka ajue niliumia. Sikutaka ajue kwamba nilificha kwa ajili yake."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nikamkumbatia, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, kisha nikamwambia, "Haliji moja bila lingine, mzee wangu. Chagua upesi, mwenye moyo mbovu ni yeye."

Asubuhi nikakuta amempigia Fontenot mwenyewe, na kwenye simu walikuwa wanabishana nani kati yao alikuwa mnene zaidi.

Fontenot akaandika, akaapa mbele ya wakili, mke wake akaongeza salamu pembeni. Safari hii bodi ikakubali. Ikashukuru tena kwa utumishi wake.

Wakamvisha nishani kwenye chumba cha kulia cha nyumba ya wazee anakotunzwa Solveig. Kahawa, keki, tambi za kuoka na jibini, mchungaji, na ofisa kijana mwenye viatu vinavyong'aa aliyetumwa na jeshi. Akasoma maneno yake vizuri: jeraha la kombora, mapigano, mahali penyewe. Akambandika Orrin nishani kifuani. Watu wakapiga makofi ya hapa kwetu, machache na ya chini.

Solveig, kwenye kiti chake cha magurudumu, hakupiga.

"Hiyo ni ya siku nyingi," akasema. "Mbona wameileta leo?"

Chumba kizima kikamgeukia Orrin. Karani mzembe alikuwa pale pale mlangoni, tayari kubeba mzigo kama kawaida yake. Nikaona mume wangu anamfikiria.

"Nilikataa wasiandike, Mama," akasema. "Wangekutumia telegramu. Ulikuwa umeshapata ya Lyle."

Muuguzi akamsogelea Solveig. Mama mkwe akamsukuma kwa kiwiko.

"Kila gari lililopita barabarani," akasema, "nilijua linaniletea telegramu yako. Mwaka mzima. La maziwa, la posta, la majirani. Nilikuwa najificha stoo mpaka lipite."

"Si nilikuandikia niko ghalani?"

"Lyle naye aliandika yuko jikoni. Nilikuja kuamini uliporudi mzima."

Orrin akaigusa nishani kifuani.

"Telegramu ya kusema umeumia," Solveig akasema, "ingesema pia uko hai. Mjinga wewe. Ningeiweka kwenye fremu."

Kisha akamwamuru amwonyeshe. Mtu mzima, babu wa watu, mbele ya mchungaji na tambi za kuoka, akachomoa shati kwenye suruali akapiga magoti kando ya kiti. Mama yake akaweka kiganja juu ya kovu, akalipapasa mwanzo mpaka mwisho.

"Iliuma?" akamuuliza.

"Iliuma sana, Mama," Orrin akasema, na akalia.