Chafya ya Kimaiyo

Mtoto alikataa kupiga chafya.

Alilala mapajani mwa mama mkwe wangu, Chemutai, macho ameyafumba, ugoro kidogo umepakwa chini ya pua yake. Kwetu, marehemu wa ukoo huitwa kwa majina, na yule ambaye mtoto atampigia chafya ndiye aliyerudi. Wanawake wakaita babu. Wakaita baba wa babu. Kimya.

"Huyu ni mgumu kama punda wa Molo," mmoja akasema, wakacheka.

Chemutai hakucheka. Lilibaki jina moja, na alikuwa amelikataza: la mwanawe mwenyewe, mume wangu Kimaiyo.

"Aliyekufa na kichwa kimeharibika atarudi na kichwa hichohicho," aliniambia kabla sijajifungua. "Unataka kulea mwendawazimu?"

Kimaiyo alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu huko Molo. Ilikuwa miaka ya dharura, mkoloni akiwasaka wapigania uhuru. Wengi walikuwa wamechukuliwa na askari, na kazi zao zikamwangukia yeye, pamoja na ile nyumba kuukuu ya njiwa. Aliikwangua mavi makavu ya miaka mingi, akayajaza magunia kwa ajili ya bustani ya memsahibu. Jioni alirudi mweupe kuanzia kope mpaka visigino, chafya juu ya chafya.

"Leo umeitiwa ukoo mzima?" nilimtania.

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kichwa kilianza kumuuma polepole. Alikifunga kitambaa, akaenda kazini. Baadaye akauchukia mwanga. Nikifungua mlango asubuhi, analia kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Shingo ikakakamaa. Siku moja akaniuliza kwa adabu, "Mama, wewe ni wa boma gani?" Tumbo langu lilikuwa tayari kubwa. Alipovua nguo na kukimbilia kwenye viazi, watu wakasema basi, amerukwa na akili. Lori la viazi ndilo lililotuleta Nakuru.

Hospitalini daktari alimtoa maji ya mgongo kwa sindano. Kijana wa maabara, Khisa, alinikuta nimekaa sakafuni.

"Dada, njoo uone kinachomla bwanako."

Aliyachanganya maji yale na wino mweusi, akatia tone kwenye kipande cha kioo, akaniambia nichungulie kwenye darubini kwa jicho moja. Niliona giza. Ndani ya giza, vitu vya mviringo, kila kimoja kimezungukwa na mwanga wake, kama mwezi siku ya baridi. Mungu anisamehe, vilikuwa vizuri.

"Ni kuvu," alisema. "Kama ile ya mkate uliolala, lakini hii imeota kichwani."

"Kwa hivyo si wazimu?"

"Si wazimu. Ni ugonjwa."

"Na dawa?"

Alikifuta kile kioo taratibu, akakifuta tena. "Hatuna, dada."

Vumbi la njiwa, kwamba huenda ndimo kuvu ilimotoka, nilikuja kulifikiria baadaye, peke yangu, Kimaiyo akiwa ameshazikwa. Nilipomweleza Chemutai habari za ile miezi midogo niliyoiona kwenye wino, alisema wino humwonyesha mtu anachotaka kuona.

Sasa mtoto alikuwa mikononi mwake, na majina yamekwisha.

"Tuanze upya," akasema mwanamke mmoja, amechoka.

Mama aliyejifungua hasemi wakati huo. Nilikuwa nimelala pembeni, uso ukutani. Nikasema, "Kimaiyo."

Hakuna aliyenigeukia. Mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, akapiga chafya.

Hapo wanawake huangua kicheko cha kumpokea mgeni. Siku hiyo walimtazama Chemutai kwanza. Alimfuta mtoto pua kwa kidole gumba, akaendelea kumfuta hata ilipokuwa imekauka.

"Amefika amechoka," akasema mwishowe. "Mpeni mama yake."

Ndipo wakacheka, lakini kwa sauti ya chini.

Mtoto yule sasa ana mvi, na nyumba yake iko mtaa wa Section 58, mjini Nakuru. Jumapili iliyopita alikuja kunisalimu, akajibwaga kitini.

"Mama, leo kichwa kinanigonga."

Nilishika mkongojo, nikaenda dirishani, nikavuta pazia lote. Jua likampiga usoni.

"Kila mara pazia, Mama! Kwani unatafuta nini?"

Nilimtazama macho. Hakuyafumba.

"Hakuna," nikamwambia. "Kunywa chai."