Kabichi Begani kwa Breki

Redio ya bucha ya Baba Mkubwa haizimwi. Inaning'inia kwenye kulabu ya mwisho, pale ambapo mwingine angetundika mbavu, na kwa jinsi ilivyolowa mafuta, hata mtangazaji husikika kama mtu aliyeshiba. Asubuhi hiyo kulikuwa na kipindi cha watu mashuhuri na sahani zao: nani anakula nyama, nani kaiacha, na nani anatudanganya.

Alianza mheshimiwa mmoja. Akatuhimiza wananchi tule mboga za majani kwa wingi. "Mimi mwenyewe," akasema, "mboga naziheshimu sana."

"Anaziheshimu," alisema fundi viatu, mteja wetu wa maini, "ndiyo maana hazigusi."

Akafuata mwimbaji mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Yeye nyama kaiacha kabisa, alisema, ila supu anakunywa.

"Sasa mama, supu si nyama?" mtangazaji akamuuliza.

"Supu ni maji yaliyopita karibu na nyama."

Bucha nzima tuliangua kicheko. Baba Mkubwa alicheka mpaka akaweka shoka la mifupa chini, na huyo mzee shoka haliweki chini hata akipiga chafya. Halafu mtangazaji akataja mgeni wa mwisho, na mzee akanyoosha mkono kutunyamazisha sote. Mgeni mwenyewe alikuwa mwanawe.

Mashabiki wanamwita Breki, kwa sababu hana. Akiupata mpira, mabeki wanabaki kutazama namba ya mgongoni. Kwangu ni kaka, mtoto wa kaka yake baba, na mtaa huu unajua amekulia nyuma ya gogo hili la kukatia nyama, akitoka shule anafunga aproni inayomfika kwenye viatu.

"Huu mwaka wa pili sijagusa nyama," Breki alisema redioni, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za hali ya hewa. "Najihisi mwepesi. Zamani nyama ilikuwa inanitia uzito tu."

Hata inzi aliyekuwa anaizunguka mizani aliona atue kwanza.

Fundi viatu alikohoa. "Maini yangu," akasema taratibu, "naweza kuja kuyachukua kesho."

Hapa inabidi nikutoe nje uone ukuta. Ukuta wa mbele wa bucha nimeuchora mimi, na ndiyo kazi yangu bora. Kabla yake nilichora simba wa shule ya chekechea, ambaye mpaka leo watoto wanampa shikamoo wakidhani ni bibi wa mtu. Lakini Breki alitoka Breki kweli: jezi, tabasamu, misuli, na begani paja zima la ng'ombe. Chini nikaandika kwa herufi nyekundu: NGUVU ZANGU ZINATOKA HAPA. Maneno ni ya Baba Mkubwa. Alikuwa akiyasoma kila anapofungua mlango, kama vile kuna mtu kayabadilisha usiku.

Na kila asubuhi anauosha ukuta ule kwa ndoo, sabuni na brashi ngumu, kwa sababu bucha yenye ukuta mchafu, anasema, hata mbwa haiamini. Jezi anaipiga brashi. Paja analipiga brashi. Akifika usoni kwa mwanawe, anaweka brashi chini na kutoa kitambaa laini mfukoni.

Basi kabla ya saa sita habari zilikuwa zimeshavuka barabara. Muuza mboga wa upande wa pili, tunayemwita Mama Kabichi, alisimama kwenye genge lake akapaza sauti:

"Mzazi mwenzangu! Mwanetu hajambo?"

"Mwanetu tangu lini?" Baba Mkubwa akamjibu.

"Tangu redioni!"

Mzee akaingia ndani. Alikata mbavu kwa hasira mpaka zikatoka saizi ya vijiti vya meno. Mwisho akaniita kando, akafuta mikono, na akaongea bila kunitazama.

"Mfute."

"Nani, Baba Mkubwa?"

"Huyo wa ukutani. Kesho kutwa anakuja nyumbani. Asije akakuta tumemning'inizia mzigo begani na yeye anataka wepesi. Labda anatuonea haya. Sawa. Mfute, mwanangu, tupumzike wote."

Nilipokwenda jikoni kwa Mama Mkubwa kuomba ushauri, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Ukimfuta mwanangu," akasema, "chakula utakula kwa huyo simba wako."

Fikiria hali yangu. Mmoja ananipa kazi, mwingine ananipa wali. Nilikaa mbele ya ukuta ule nikaukodolea macho mpaka akili ikanijia, na akili yangu ikija huwa haibishi hodi. Ugomvi si Breki, nikajiambia. Ugomvi ni paja. Nikiondoa paja, mama anabaki na mwanawe na baba haoni tena kinachomuuma. Ila mtu aliyekunja mkono begani bila kubeba kitu anaonekana ana jipu. Lazima abebe kitu.

Rangi yangu ya mafuta, ile ya kudumu, ilikuwa imeganda koponi kama jiwe. Niliyokuwa nayo ni kijani ya maji, iliyobaki nilipochora miti ya chekechea. Mchoraji yeyote anajua rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta. Mimi pia najua. Nilijua baadaye.

Ijumaa jioni, bucha ikiwa imefungwa, nilimchorea Breki kabichi. Halikuwa kabichi dogo. Ilibidi lifunike paja zima la ng'ombe, kwa hiyo lilikuwa kabichi la kumwangusha mtu mzima. Mama Kabichi alilitazama kwa mbali, mikono kiunoni.

"Mimi sijawahi kuuza la hivyo," akasema, "lakini nashukuru kwa tangazo."

Jumamosi niliwahi. Nilitaka niwepo mzee akifika, ili nijieleze kabla hajashika kitu kizito. Alikuja na ndoo yake. Akasimama. Akalitazama kabichi, akanitazama mimi, akalirudia kabichi.

"Nilisema ufute mtu," akasema. "Wewe umenifungulia genge."

"Baba Mkubwa, ni kwa muda…"

"Nyamaza. Nakuja kwako."

Lakini asubuhi ni asubuhi, na ukuta ulikuwa haujaoshwa. Nadhani mikono yake ilianza yenyewe. Akachovya brashi, akapiga sabuni kwenye herufi, akapanda kwenye jezi, akafika begani. Kabichi likaanza kulia. Kijani kikateremka kifuani kwa Breki, kikapita kwenye bukta, na katikati ya majani paja la ng'ombe likachomoza, jekundu, linang'aa kama limechinjwa leo. Mzee hata hakulijali. Alikuwa ameshafika usoni. Nikamwona anaweka brashi chini na kuingiza mkono mfukoni. Mtu aliyeniambia nimfute alitoa kitambaa, akaanza kumpangusa matone ya kijani mwanawe shavuni, polepole, kama amepiga goti mbele ya mtoto mwenye mafua.

"Baba," sauti ikasema nyuma yetu, "unanifuta?"

Alikuwa Breki mwenyewe, na begi lake, ametembea kutoka kituoni kabla mashabiki hawajaamka.

Baba Mkubwa hakugeuka. "Naosha."

"Shikamoo."

"Marahaba." Akakamua kitambaa ingawa hakikuwa na maji. "Nimesikia nyama ilikuwa inakutia uzito. Na sisi tuliokuwa tunaileta nyumbani? Sisi nasi tulikuwa mzigo?"

"Baba, nilikuwa naongelea tumbo langu. Sikukuongelea wewe."

"Mbona hukuniambia mimi kwanza? Nimesikia pamoja na fundi viatu! Mtu amekuja kununua maini, anaondoka na siri ya nyumba yangu!"

"Niliogopa."

"Unaogopa mabeki?"

"Mabeki hawana shoka."

Mama Mkubwa alikuwa ameshatokea mlangoni na chupa ya chai. Alimkumbatia mwanawe, akamkagua mbavu kama anataka kuzinunua, kisha akamgeukia mumewe.

"Na wewe acha kushangaa. Huyu hakuanza mwaka juzi. Meneja alinenepa kwa sababu gani?"

Meneja alikuwa paka wao. Marehemu sasa, lakini enzi zake alikuwa mnene mpaka kuvuka kizingiti alipanga safari. Wakati wa chakula alilala chini ya meza, kwenye miguu ya Breki. Baba Mkubwa aliwaambia wateja kwamba nyama yake ina nguvu kiasi kwamba paka ananenepa kwa harufu tu.

Mzee alishusha kitambaa. "Meneja?"

"Meneja," Breki akasema.

"Na mimi nilikuwa nakusifia kwa kumaliza sahani!"

"Nilikuwa nafurahi ukinisifia. Ndiyo maana sikuacha."

Hapo mzee akageuka. Alifungua mdomo kugomba, na kilichotoka kilikuwa kicheko. Alikuwa bado anafuta macho kwa kitambaa kile kile cha kijani wakati wateja walipoanza kufika. Jumamosi foleni ya bucha inafika kwa Mama Kabichi, na siku hiyo ilimpita, maana kila mtu alitaka kuona baba na mwana watatazamana vipi.

Breki aliweka begi chini, akatundua aproni, akaifunga. Safari hii ilimfika magotini. Akashika kisu, akaanza na steki, na mkono ulikuwa haujasahau.

"Mbona unakata usichokula?" fundi viatu akamuuliza.

"Wewe unashona viatu vya kina mama. Unavivaa?"

Foleni ikacheka mpaka barabarani. Baba Mkubwa alikuwa upande wa pili wa gogo, anajifanya anapima mbavu, jicho liko kwa mwanawe.

"Kidole! Toa kidole hapo. Si una mkataba wewe?"

"Mkataba ni wa miguu, Baba."

"Kidole ni changu. Nimekizaa mimi."

Foleni ilipopungua, Breki alitoka nje kuutazama ukuta. Paja nusu, kabichi nusu. Hata mimi mwenye kazi nilitamani kupita njia nyingine.

"Maneno yaache," akaniambia. "Ni ya kweli. Lakini hilo paja mbebeshe mwenyewe. Mchore Baba pembeni yangu."

"Mimi?" Baba Mkubwa alidakia kutoka ndani. "Sitaki upuuzi. Bucha si studio." Akakata mfupa mmoja. Akakata wa pili. Kisha akachungulia. "Na ukichora, nywele utaniwekea?"

"Baba Mkubwa, una kipara."

"Nakuuliza swali, hunijibu, unanisema."

Nikamwekea. Nilinunua kopo jipya la rangi ya mafuta, nikamchora mzee na paja lake begani, na mwanawe pembeni, mikono mitupu, anatabasamu. Nywele nilimpa nyingi, nyeusi, zimechanwa vizuri. Ila hizo peke yake nilizichora kwa rangi ya maji.

Sikuwa na wasiwasi. Nilijua ataosha vipi. Uso wa mwanawe bado anaupangusa kwa kitambaa, wake mwenyewe anaupiga brashi bila huruma. Juma halikuisha kabla kipara hakijarudi, kinang'aa, na kila mteja anamwambia mzee sasa ndiyo amefanana na picha yake. Baba Mkubwa ananitafuta. Ameniachia ujumbe kwa Mama Kabichi kwamba kuna kazi ndogo ya ukuta, niende, na nisiogope.