Vyura wa Udongo

Hilda alikuwa anasomea vyura, na kijijini kwao Uru jambo hilo lilikuwa limeshaleta vicheko vya kutosha. Mtu anasomeshwa mpaka chuo kikuu, anapata shahada ya kwanza, anaanza ya pili, halafu unamkuta barazani kwa mama yake anafinyanga vyura kwa udongo wa kuchezea watoto. Akishawafinyanga anawapaka rangi. Wengine anawafanya wa kahawia tupu, wengine weusi wenye mistari miwili myekundu kutoka kichwani hadi kiunoni. Rangi yenyewe ilikuwa ya mafuta, ile ya kupaka milango, na vidole vyake vilikuwa vyekundu juma zima.

Hao wa mistari walikuwa na mwenzao wa kweli, lakini si mlimani Uru. Aliishi kule chini tambarare, Mabogini, ambako watu wa Uru hushuka kulima mahindi na kukata majani ya ng'ombe. Chura yule haruki kama vyura wenye haraka zao. Hutembea polepole, kifua mbele, kama mwenye shamba anayekagua vibarua, kwa sababu ngozi yake ina sumu na ule wekundu ni tangazo. Ndege akimdonoa siku moja akaumia, hamgusi tena. Hilda alikuwa akiwaacha vyura wake wa udongo kwenye nyasi za Mabogini, kisha anarudi kutazama ni wapi wamedonolewa, wa kahawia au wa mistari.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa swali moja. Alimweleza mama yake, Margareta, huku wakimenya ndizi za supu ya mtori.

"Mama, fikiria chura wa kwanza kabisa aliyezaliwa na wekundu. Wenzake wote ni wa kahawia, hawaonekani. Yeye anaonekana na kila ndege, na hakuna ndege hata mmoja aliyewahi kujifunza. Si ataliwa huyo huyo? Sasa rangi ilisambaa vipi?"

Margareta alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. "Miaka yote hiyo ya shule, mae! Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyo wa kwanza aliliwa, na aliyemla akawa na adabu. Wadogo zake ndio waliopona."

Jibu halikuwa baya. Vitabuni limeandikwa karibu hivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi.

Aliyefurahia kazi ile kuliko wote alikuwa Theopista, binti wa Hilda, mtoto wa miaka minne ambaye nyumba nzima ilimwita Pista. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na siku nyingi alikuwa Holili akisubiri kuvuka mpaka, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye kanga za mama na bibi. Alikaa miguuni pa Hilda akiviringisha udongo. Vyura walioharibika alipewa yeye. Aliwatembeza ukutani, akawalisha majani ya kahawa, na jioni aliwabusu mmoja mmoja kabla ya kulala. Wa kahawia hakuwataka. Aliwataka wa mistari, kwa kuwa walikuwa wazuri, na mama yake hakuona ubaya wowote. Mlimani kule, kwenye baridi na migomba, nani amewahi kumwona chura mwekundu wa kweli?

Ilikuwa Jumamosi ya masika. Margareta alirudi mchana kutoka kupalilia Mabogini, na kirikuu, gari dogo la mizigo la jirani, ikamshushia mzigo mkubwa wa majani mlangoni pa banda. Yalikuwa mabichi, yamelowa, yanatoa mvuke. Akamwita mjukuu wake waje walishe ng'ombe. Pista alipenda kuchambua majani, ingawa kila mara yalimchana viganja, na akaenda mbio.

Hilda alibaki barazani na brashi yake. Jumatatu alitakiwa kushuka tena tambarare na vyura wapya, na mvua ilikuwa imemchelewesha. Akasikia sauti ya mtoto kutoka bandani, imejaa furaha.

"Mama! Huyu anatembea!"

"Vizuri, mama," Hilda akajibu, macho yake kwenye mstari mwekundu aliokuwa akiunyoosha. "Mtembeze."

Alikuja kuyakumbuka maneno hayo baadaye kuliko neno lolote alilowahi kusema maishani.

Pista alikuja mwenyewe, taratibu, akijifuta mdomo kwa mkono wa gauni. Alisema ulimi unawasha. Hilda alimtazama, na brashi ikaanguka. Midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, na viganja, vile vilivyochanwa na majani, vilikuwa vyekundu na vimejaa kama maandazi. Katika kiganja cha kulia kulikuwa na utelezi mweupe. Alikuwa amembusu.

"Umeshika nini? Pista! Umeshika nini?"

"Mistari," mtoto akasema, na akatapika.

Hilda alimbeba mpaka bombani akamwosha mikono, akamwosha mdomo, akamwosha tena, huku akipiga kelele za kumwita mama yake. Margareta alitoka bandani na kumwona yule chura akitembea zake kwenye zege, mweusi, mistari yake miwili inang'aa kwa mvua, hana habari na mtu.

"Yesu na Maria! Katoka wapi huyu?"

Ametoka wapi tena, kama si kwenye majani.

Walimpata Sirili, kijana wa bodaboda wa jirani, akinywa chai. Hakumaliza. Hilda akapanda na mtoto kifuani, Margareta akapanda nyuma yake, na pikipiki moja ikawabeba wote kushuka barabara ya utelezi kuelekea mjini. Mvua iliwapiga usoni. Hilda hakuwa anaona barabara wala hakuitaka. Alikuwa ameweka sikio lake mdomoni mwa Pista, akisikiliza pumzi ikipita kwa mluzi mwembamba. Kila pikipiki iliporuka kwenye shimo mluzi ulikatika, na kila ulipokatika Hilda alikufa kidogo, mpaka uliporudi.

"Sirili, kimbia!"

"Nikikimbia tutaanguka, dada!"

"Kimbia hivyo hivyo!"

Walianguka kweli, pale kona ya kanisani, lakini taratibu, kwenye matope. Hilda aliangukia mgongo na mtoto juu yake. Hakuna aliyesema pole. Walinyanyua pikipiki, wakapanda.

Hospitali ya mjini iliwapokea mbio. Daktari Ezra, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alimweka mtoto kwenye oksijeni, akamchoma sindano, akamtundikia dripu. Kisha akauliza maswali, na Hilda akayajibu vizuri kuliko ndugu yeyote wa mgonjwa aliyewahi kuingia pale. Ni chura wa aina gani, sumu yake inafanya nini, inaingia vipi kwenye michubuko, inagusa vipi moyo. Alizungumza kama yuko mbele ya watahini wake wa chuo. Daktari akaitikia kwa kichwa.

"Basi unajua pia kwamba sumu hiyo haina dawa yake maalumu. Tutamsaidia kupumua, tutaangalia mapigo ya moyo. Mwili wenyewe ndio utapigana." Akafunga kalamu yake. "Kitu kimoja sielewi. Chura mwenye rangi ile, watoto wengi wangemkimbia. Kwa nini alimshika, tena akamtia mdomoni?"

Hilda alifungua mdomo. Ndani ya mfuko wa koti lake kulikuwa na chura wa udongo, alimgusa kwa vidole, alikuwa amebonyea kwa ile ajali. Jibu lilikuwa pale.

"Kosa ni langu, daktari," Margareta akasema, machozi yanamtiririka. "Mimi ndiye niliyeleta yale majani. Sikuyakung'uta. Nimemuua mjukuu wangu kwa mikono yangu."

Hilda akamfumbata yule chura mfukoni. Angeweza kusema neno moja tu na kumtua mama yake ule mzigo. Hakulisema. Aliogopa, na hofu ilikuwa imemjaa hata hapakubaki nafasi ya kitu kingine, hata aibu.

Alikaa kando ya kitanda na kuangalia kile kifua kidogo kikihangaika. Ule mluzi haukutoka. Akawaza juu ya swali lake la vyura, na kwa mara ya kwanza alilichukia. Alikuwa ameandika kurasa juu ya ndege wanaojifunza, na jinsi walivyo wengi, na faida wanayoipata vyura wote kwa somo la ndege mmoja. Hakuna mahali alipoandika juu ya huyo mmoja. Hakuandika kwamba aliyeonja kwanza ana mama. Na hata hao ndege, ukiwapa vyura wekundu wa udongo kila siku, wasiouma, watamu wa kuchezea, nao watazoea. Watamsogelea wa kweli bila wasiwasi. Hilo alilijua. Alikuwa amelieleza mwenyewe mbele ya darasa.

Aliomba. Hakuwa mtu wa kuomba sana, lakini aliomba kwa Kiswahili na kwa Kichagga, akamwita Ruwa kama bibi yake alivyomwita, akaahidi mambo ambayo hata yeye alijua hana uwezo nayo.

Jioni Margareta alirudi nyumbani, kwa kuwa ng'ombe alikuwa hajakamuliwa, na asubuhi alikuja tena na chupa ya mtori. Alikuja na kitu kingine, amekikunja vizuri ndani ya kanga. Lilikuwa jani la isale, limekatwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Kwa Wachagga jani lile halina maelezo mengi. Aliyekukosea akikuletea isale, umekwisha kumsamehe, upende usipende.

Akaliweka mikononi mwa bintiye kwa mikono miwili. "Nisamehe, mwanangu."

Hilda alilishika jani lile na hakuweza kumtazama mama yake machoni.

Kitandani Pista akakohoa. Ule mluzi ulikuwa umetoweka, na hawakuwa wamejua umetoweka lini. Macho yakafunguka, mazito, yakazunguka chumbani. "Bibi," akasema kwa sauti ya mikwaruzo. "Nina njaa."

"Ruwa wangu!" Margareta akapiga magoti palepale sakafuni.

Hilda alicheka na kulia kwa pamoja, akainuka, akanyoosha mkono kumpangusa mtoto jasho la usoni.

Pista akauona ule mkono. Rangi ilikuwa bado chini ya kucha, na mstari mmoja mwekundu ulikuwa umekaukia kwenye kidole gumba. Mtoto akapiga yowe, akajivuta mpaka ukutani, akaficha viganja vyake vilivyofungwa bandeji ndani ya shuka.

"Toa! Toa, inauma! Bibi, mwambie atoe!"

Margareta aliangalia vidole vya bintiye. Kisha akamwangalia yeye.

"Aliniita, mama," Hilda akasema. "Alisema anatembea. Nikamwambia amtembeze, sikuinua hata macho. Mimi ndiye niliyemfundisha kuwapenda." Akaliweka lile jani la isale kwenye mapaja ya mama yake, kwa mikono miwili. "Hili si langu kupokea. Ni lako."

Margareta alilitazama jani kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa bado analia, uso kwenye ukuta. Mwishowe akalichukua, akalikunja ndani ya kanga yake.

"Kanawe," akasema.

Hilda alikwenda kwenye sinki la koridoni akasugua kwa sabuni, akasugua kwa kucha, mpaka ngozi ikachubuka. Rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Aliporudi alikuwa amefunika mikono yote miwili kwa kanga, na hakukisogelea kitanda. Alivuta kiti mpaka karibu na mlango, akakaa pale, mahali ambapo binti yake angeweza kumwona na asiogope, akamtazama bibi akimlisha mtori.