Sauti ya Puani ya Sajenti Adong

Sajenti Adong alikuwa na sauti ya kuwanyoosha makuruta kutoka upande mmoja wa uwanja wa gwaride hadi wa pili. Kambini Kasese ilimpa heshima. Kwa mwanawe ilimletea balaa. Binti yake Sylivia, aliyelelewa na bibi yake huko Bwera, aliziba masikio kila mama alipofungua kinywa, hata akiomba chumvi tu.

Sasa Sylivia alikuwa karibu kupokea komunyo ya kwanza, na Adong, mwanakwaya wa siku nyingi, aliomba kuimba ubeti wa peke yake siku hiyo. Rusi, mama mkwe wake, yule bibi wa Bwera, akampigia simu.

"Mutoto anasema usiimbe. Anaogopa utamugombeza mbele ya padri."

Adong aliumia, aliumia sana. Askari mzima akajifungia bafuni akalia. Kisha akamwendea Philippe, mwalimu wa kwaya aliyetoka Kongo, amfundishe kuzitoa noti za juu kwa ulaini. Philippe alizijua noti hizo. Alisema Adong anazisukuma kutoka kifuani, ndiyo maana zinafika zimekasirika.

"Afande, hapa hakuna mutu wa kuamuru. Imba ng', ile ya ng'ombe, polepole. Ikitetemeka huku," akagusa katikati ya macho, "iache igeuke sauti ya a. Sauti itabaki kule juu."

Basi Adong akaimba ng' akifua sare, akaimba ng' kwenye foleni ya maji. Makuruta wakadhani afande ana mafua. Mwanzoni ilitoka nyembamba ya kuaibisha, naye kwa hasira akairudisha kifuani. Philippe hakumbembeleza, alimwanzisha upya. Mpaka siku moja, akipepeta mchele, ng' ikamwasha puani, akaiachia, ikapanda bila kusukumwa. Alisimama na ungo wake, hakuamini kwamba ni yeye.

Jumapili ya komunyo, Sylivia alikaa benchi la mbele na gauni lake jeupe. Kwaya iliposimama, mikono yake ikapanda masikioni. Adong aliiona. Kishindo cha gwaride kikamjaa kifuani kikitaka kutoka, akakinyima njia. Akaanza na ng', ndogo kabisa, kisha akaifungua.

Sylivia akalegeza mikono, akageuka kumtafuta anayeimba. Aliwapitia wasichana wa safu ya mbele mmoja mmoja, wote midomo imefungwa. Alipomfikia mama yake, macho yalibaki hapo, na mikono ikashuka hadi magotini.